Mlio Ambao Ng'ombe Angeukubali

Mama yule alipoingia karakanani kwangu nilidhani amekuja kuulizia geti. Wengi wanaosimama mlangoni kwangu hapa Tukuyu hufuata mageti, grili za madirisha na vitanda vya chuma, na mimi nimezoea kuangalia kwanza kama wameshika karatasi ya vipimo. Yeye alikuwa ameshika ndoo ya maziwa, tupu, iliyooshwa vizuri, na mwavuli uliokuwa unachuruzika maji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyemwahidi mume wangu ekzosi?"

"Ndiye mimi."

"Basi nimekuja kukuambia mapema, kabla hujakata chuma. Humtengenezei yeye. Unamtengenezea ng'ombe wangu."

Nilicheka, nikamwona hacheki, nikazima mashine ya kuchomelea na kumsogezea kiti.

Mume wake nilimfahamu. Alikuwa fundi mitambo wa kiwanda cha chai, akastaafu, na baada ya kustaafu alifanya kitu ambacho wengi walikiona kama utani: alitoa stoo pikipiki aliyoinunua ujanani kwa mtaalamu mmoja mgeni wa mambo ya chai aliyekuwa anarudi kwao. Ilikuwa pikipiki ya Kijapani, kubwa, nzito kama ndama aliyekomaa, yenye silinda nne zilizopangwa mstari mmoja. Bodaboda zetu zote zina silinda moja tu, kwa hiyo vijana wa kijiweni walikuwa wakiizunguka na kuhesabu kwa kidole: moja, mbili, tatu, nne, halafu wanarudia tena kama vile wamekosea. Ilikuwa imelala miaka mingi chini ya magunia ya mahindi kwa kukosa vipuri. Mzee aliosha kabureta zote nne, akabadilisha nyaya, akafufua breki. Alichoshindwa kufufua ni ekzosi, njia ya kutolea moshi. Mvua yetu ya Rungwe haina huruma na chuma. Mabomba manne na silensa zake nne zilikuwa zimeliwa na kutu hadi ukizishika zinabaki mkononi kama maganda. Alikuwa ameziba matundu kwa makopo na waya, na upande mmoja amefunga silensa ya bodaboda.

"Inalia kama mtu anayepasua mbao ndani ya pipa," mama alisema. "Lakini mimi simwonei. Mimi mwenyewe niliolewa kutoka Kisiba nikaletwa kwa pikipiki hiyo hiyo, na gauni langu likaungua pindo kwa bomba lake. Siichukii. Tatizo ni ng'ombe. Akiisikia, habani maziwa kidogo, anabana kabisa. Asubuhi hashushi maziwa, na jioni bado anakumbuka."

Nilimuuliza swali ambalo pengine na wewe unataka kuuliza. Kwa nini mzee asiisukume mpaka barabarani ndipo aiwashe?

"Umekiona kilima chetu? Na umeyaona magoti yake?"

Nilikuwa nimeviona vyote viwili. Zizi lao liko ubavuni mwa nyumba, pikipiki inalala ukutani mwa zizi, na njia ya kwenda barabarani ni mpando wa udongo unaoteleza. Mzee ana shamba la viazi Isongole, kule juu kwenye baridi. Anapaswa kuondoka mapema, saa ile ile mkewe anapokamua. Angeweza kupanda bodaboda, lakini nilishawahi kumsikia akisema kwamba akikaa nyuma ya kijana, amekumbatia gunia, anajiona na yeye ni gunia la pili. Akiwa na pikipiki yake anakwenda shambani akiwa mtu mwenye safari.

"Nimempa wiki mbili," mama alisema akisimama. "Kuna mtu wa Mbeya anaitaka. Atakuja Jumamosi ya wiki ya pili. Ng'ombe akiendelea kubana, mzee atamwachia. Tumepeana mikono. Kwa hiyo fanya kazi yako vizuri, fundi, maana sitaki kumwona mume wangu amekaa barazani na magoti yake. Nitamchoka."

Akafungua mwavuli, akaenda.

Nilibaki nimekaa. Nilikuwa nimewaza ekzosi ya kupendeza macho, mabomba manne yanayong'aa. Sasa nilikuwa na mteja mwenye kwato.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwao kabla ya saa kumi na mbili, nikaomba ruhusa ya kukaa zizini. Mama alinipa ndoo niigeuze nikalie. Mzee alicheka sana. "Umekuja kumpima ng'ombe kiuno?" aliniuliza.

"Nimekuja kumpima masikio."

Nilikuwa na maana hiyo hasa. Katika kazi yangu nimejifunza kwamba kabla ya kutengeneza kitu lazima ujue kinachomsumbua anayekitumia, na mara nyingi si kile anachokitaja. Kwa hiyo nilikaa nikasikiliza kile ambacho ng'ombe anasikiliza. Lori la majani ya chai lilipita barabarani likinguruma mpaka ukuta ukatetemeka. Ng'ombe aliendelea kutafuna. Mvua ilianza ghafla juu ya bati, kwa kishindo kiasi kwamba mimi na mama hatukusikiana tena. Ng'ombe alipepesa jicho. Mfuniko wa ndoo ulianguka sakafuni. Akageuza sikio moja, akalirudisha. Muda wote huo maziwa yalikuwa yanaingia ndooni, chwii, chwii, bila kukatika.

Kisha nilimwomba mzee awashe pikipiki.

Ilipowaka, ng'ombe aliinua kichwa na mkia ukakakamaa, lakini maziwa yaliendelea, ingawa kwa wasiwasi. Mzee akavuta mafuta, sauti ikapanda, bado maziwa yanakuja. Ndipo akaachia mafuta, na ekzosi ikajibu: pa! Pa-pa! Kama fataki. Ng'ombe akapiga teke, mama akaokoa ndoo, na maziwa yakakatika kama mtu aliyefunga koki.

"Umeona?" mama alisema.

Nilikuwa nimeona, na moyo wangu ukawa mwepesi kidogo kwa mara ya kwanza. Ng'ombe yule hakuwa anaogopa sauti kubwa. Alikuwa anaogopa mpasuko, sauti inayokuja bila taarifa. Sauti kubwa ni vigumu kuiua. Mpasuko una sababu, na chenye sababu kinatengenezeka.

Ngoja nieleze, maana si jambo gumu. Injini inapochoma petroli hutoa moshi wa moto kupitia bomba. Ukiachia mafuta ghafla, kuna petroli kidogo inayotoka bila kuungua. Bomba likiwa zima, petroli hiyo inapita zake. Bomba likiwa na matundu, hewa safi inaingia, inakutana na ile petroli ndani ya chuma cha moto, na inalipuka. Ndizo zile pa-pa. Kwa hiyo kazi ya kwanza ilikuwa kutengeneza mabomba yasiyovuja hata mahali pa kupita sindano.

Kazi ya pili ilikuwa mpangilio. Fikiria watu wanne wanaotwanga kinu kimoja. Kila mmoja akiinua mchi kwa zamu yake, unasikia mdundo mmoja unaoendelea, tu, tu, tu, tu, na mtoto anaweza kulala mgongoni. Mmoja akiwahi na mwingine akichelewa, michi inagongana na kila mtu anashtuka. Silinda nne ndivyo zilivyo. Kila moja hupuliza kwa zamu. Nikitaka kuziunganisha zote kwenye silensa moja kubwa, pumzi zao lazima zifike kwenye maungio kwa zamu ile ile, na zitafika hivyo iwapo tu mabomba yote manne yana urefu sawa.

Hapo ndipo penye kazi. Silinda mbili za pembeni ziko mbali na maungio, mbili za katikati ziko karibu. Ukiunganisha kwa njia ya mkato, ya katikati yatakuwa mafupi. Lazima uyazungushe, uyafanye yapite njia ndefu kidogo, bila kugusa chujio la oili wala fremu, na bila kuchoma goti la mzee. Nilikata nyuzi nne za urefu mmoja, zikilingana na urefu wa mabomba ya zamani, nikazifunga kila moja kwenye mdomo wa silinda yake, nikazivutia chini ya injini mpaka nikapata mahali ambapo zote nne zinakutana bila moja kulegea ovyo. Kisha nikakunja waya mnene kufuata kila uzi. Kwa siku mbili pikipiki ya mzee ilikaa karakanani kwangu na nyaya tupu kifuani, kama mbavu. Watu waliopita waliuliza kama ni mtego wa samaki.

Kuna watakaouliza kwa nini sikununua kona za mabomba ya maji, ambazo ziko tayari dukani. Zile zimepakwa zinki, na zinki ikichomelewa hutoa moshi mweupe unaomlaza fundi kitandani na homa. Halafu kona zake ni kali mno. Pumzi inagonga ukuta badala ya kuteleza. Nilitaka mikunjo laini. Kwa hiyo nilitafuta bomba jeusi Mbeya, la kutosha manne na ziada ya mawili, nikaamua kukunja mwenyewe kwa moto na mchanga, kama nilivyomwona baba yangu akifanya.

Familia yetu ni ya mafundi. Babu yangu alifika Tukuyu akitokea Pwani na nyundo ya mbao na mkasi wa bati, akitengeneza vibatari na makopo ya kumwagilia maua. Baba yangu akaongeza moto. Alinifundisha kwamba bomba likikunjwa tupu linabonyea, kwa hiyo unalijaza mchanga, unaushindilia kwa kugonga gonga, unaziba ncha zote mbili kwa vizibo vya mti, ndipo unalitia motoni. Mchanga unashika umbo kwa ndani. Na mchanga lazima uwe mkavu kabisa, maana ukibaki na unyevu, mvuke utafyatua kizibo kama risasi. Alilirudia hilo la ukavu mpaka nikalisikia ndotoni.

Nilichukua mchanga wetu wa hapa, ule mweupe mweupe tunaofyatulia matofali. Niliukaanga juu ya bati siku nzima, zaidi hata ya alivyodai baba. Nikajaza bomba la kwanza, nikagonga, nikaziba. Jiko langu nalitia makaa ya mawe yanayotoka upande wa Kiwira, yana moto mzuri. Bomba likawa jekundu, nikaliweka kwenye kifaa cha kukunjia, nikavuta taratibu.

Lilikwenda vizuri mpaka nusu. Halafu upande wa ndani ukajikunja, ukafanya makunyanzi kama soksi iliyoshuka. Nilidhani nimeharakisha. Nikachukua bomba la pili, nikashindilia zaidi, nikavuta polepole kuliko mara ya kwanza. Makunyanzi yale yale. Nikaweka koleo chini, nikakaa. Ilikuwa Jumatatu ya wiki ya pili. Mabomba yaliyobaki yalikuwa manne, hakuna la kukosea tena, na mimi sikujua nimekosea wapi.

Nilimpigia simu mzee, kwa sababu sipendi kumficha mtu habari mbaya ya mali yake. Alikuja kwa miguu, kwa fimbo, polepole. Aliyatazama mabomba mawili yaliyoharibika. Kisha akafungua kizibo cha moja, akamwaga mchanga kiganjani.

"Baba yako alikuwa anatumia mchanga gani?" aliuliza.

"Mchanga mkavu."

"Mkavu najua. Wa wapi?"

Sikuwahi kuuliza. Nilikumbuka gunia kwenye kona ya karakana ya zamani, gunia ambalo baba hakuruhusu mtu kuligusa, na ambalo baada ya kila kazi mchanga wake ulirudishwa humo, chembe kwa chembe. Nilidhani ni ubahili wa wazee.

Mzee aliweka chembe chache juu ya fuawe, akazigonga kwa nyundo ndogo, gonga la mtu anayevunja karanga. Zilipondeka zikawa unga.

"Tazama. Huu si mchanga, mwanangu. Hili ni lile jiwe jepesi la mlimani, wanawake wanalosugulia visigino, limesagika tu. Ndani lina matundu kama mkate. Bomba likiliminya, jiwe linabonyea."

Ndivyo ilivyokuwa. Milima yetu ilitapika moto zamani, na karibu kila kitu tunachokikanyaga hapa ni majivu na mawe mepesi ya moto ule. Yanatupa ndizi, chai na viazi, na matofali mepesi kubeba. Kwa kukunjia bomba ni sawa na kulijaza maandazi. Baba alinifundisha ukavu kwa sababu ukavu ulihitaji kukumbukwa kila siku. Mchanga wenyewe ulikuwa umeshakaa kwenye gunia tangu kabla sijazaliwa, kwa hiyo hakuona cha kueleza. Tangu siku ile, nikimfundisha mtu kazi, namwambia pia yale yanayoonekana hayana haja ya kusemwa.

"Nilidhani umeshindwa kazi," mzee alisema akijipangusa mikono. "Kumbe ni mchanga tu."

"Umekasirika, mzee?"

"Nilikasirika njiani, nilipokuwa napanda kilima. Sasa nimepumzika."

Mke wangu hufanya biashara ya mchele na kila wiki hushuka Kyela. Jioni ile nilimweleza shida yangu: nilihitaji mchanga wa ufukweni, wa Ziwa Nyasa, ule mgumu unaong'aa. Alinitazama kama ninavyotazamwa nikisahau chumvi sokoni.

"Wenzangu wanashusha mchele kwenye gari, mimi nishushe mchanga?"

"Ndoo mbili tu."

"Wakiniuliza?"

"Waambie ni wa ng'ombe."

"Nitawaambia ni wa mume wangu, watanielewa haraka zaidi."

Aliuleta Jumatano. Niliuosha, nikaukaanga, na nilipougonga kwa nyundo juu ya fuawe chembe ziliruka badala ya kupondeka. Asubuhi iliyofuata nilikunja mabomba manne moja baada ya jingine. La kwanza lilipomaliza kona yake bila hata kunyanzi moja nilishusha pumzi ndefu iliyonifanya nikohoe moshi. Lilikuwa limezunguka laini, kama shingo ya bata. Niliyalinganisha na nyaya zangu, nikayapima kwa nyuzi, nikayachomelea kwenye maungio na kuyajaza maji usiku kucha yakiwa yameegemea ukuta. Asubuhi sakafu ilikuwa kavu. Ule mchanga nikaurudisha kwenye ndoo, chembe kwa chembe, nikaandika juu yake kwa chokaa: usiguse.

Ilibaki silensa, na Ijumaa ilikuwa imefika.

Silensa nzuri ni bomba ndani ya kopo kubwa. Bomba la ndani linatobolewa matundu mengi, kama mdomo wa kopo la kumwagilia maua. Katikati ya bomba na kopo unajaza kitu kinachostahimili moto na kinachoipoteza sauti. Viwandani wana pamba zao maalumu. Mimi nilinunua stilwaya za kusugulia masufuria, zote zilizokuwa dukani, na muuza duka akanipa pole ya masufuria yangu. Hazikutosha hata nusu.

Nilikuwa nimesimama katikati ya karakana nikijiuliza nijaze nini, na mguu wangu ukawa umekanyaga rundo la ule mchanga wa kwetu ulioniharibia kazi. Pembeni yake kulikuwa na mawe niliyoyachuja, makubwa kama maharage. Niliokota moja. Jepesi, limejaa matundu, na limezaliwa motoni. Moto wa pikipiki lisingeusikia. Sauti ikiingia humo ni kama mgeni aliyeingia soko lenye vichochoro vingi: anazunguka, anapotea, na akitokea upande wa pili amechoka, hana nguvu ya kupiga kelele.

Nilijaza. Kwa furaha nilijaza haraka, nikafunga, nikatikisa, na silensa ikalia kama kayamba. Nilicheka peke yangu. Nikafungua tena, nikachuja vumbi lote, nikalizungushia bomba la ndani stilwaya ili mawe yasiligonge, nikashindilia mawe kwa mti mpaka hakuna lililoweza kusogea, kisha nikafunga kopo kwa mkunjo wa bati wa babu yangu, ule unaoingia ndani ya mwenzake na kupigwa nyundo ukalala. Nikatikisa. Kimya.

Saa tisa na nusu tulikuwa tumeifunga pikipikini, mimi na mzee, nyumbani kwake ilikokuwa imesharudishwa. Mvua ilikuwa imekatika na migomba ilikuwa bado inadondosha matone. Mama alikuja na ndoo yake saa kumi kamili, akatazama lile bomba jipya, ambalo halikuwa linang'aa hata kidogo, jeusi na lenye alama za nyundo, akasema tu, "Mkitaka washeni. Mimi nakamua."

Mzee aliniangalia. Kesho yake mtu wa Mbeya angekuja.

"Subiri maziwa yaanze," nilimnong'oneza.

Tulisikia chwii ya kwanza ndani ya ndoo tupu, ile yenye sauti ya bati, halafu ya pili, halafu mdundo ukatulia. Mzee akawasha.

Ilinguruma chini chini. Sijui nieleze vipi. Haikuwa kimya, ilikuwa kama mtu mwenye sauti nene anayeongea chumba cha pili, na humsikii anasema nini. Zile silinda nne zilikuwa zinatwanga kinu kimoja.

Na maziwa yakakatika.

Nilisikia vizuri. Chwii, chwii, halafu hakuna. Mzee alisikia pia, kwa sababu mabega yake yalishuka. Nilienda mlangoni mwa zizi nikachungulia.

Ng'ombe alikuwa na kichwa chake ndani ya hori, anatafuna majani. Mkia ulikuwa umening'inia tu. Mama ndiye aliyekuwa ameacha kukamua. Mikono yake ilikuwa imeshika chuchu bila kuvuta, kichwa chake kimeinama upande mmoja.

"Mama, mbona umeacha?"

"Namsikiliza ng'ombe."

"Ng'ombe anakula."

"Naona." Akamtazama tena, kama asiyeamini. "Hebu mwambie huyo mzee avute mafuta, halafu aachie. Kule ndiko kwenye mambo."

Akaanza kukamua tena. Nikamwonyesha mzee kwa mkono. Akavuta mafuta, sauti ikapanda, nene, bila kukwaruza. Nikamwonyesha aachie. Aliachia ghafla, kama mtu anayeruka shimo macho yamefumbwa.

Sauti ikashuka. Ikashuka mpaka chini, laini, hadi ikarudi kwenye mnong'ono wake. Hakuna pa. Akarudia mara ya pili, ya tatu, kisha kwa furaha akarudia mara ambazo sikumwomba. Ndani ya zizi maziwa yalikuwa yanaingia kwenye maziwa, sauti ile nzito yenye povu, bila kukatika. Ng'ombe aligeuza sikio moja upande wetu, akalirudisha.

Nilikaa juu ya jiwe la mlangoni. Wiki mbili nzima sikujua kwamba mabega yangu yalikuwa juu, mpaka yaliposhuka.

Mama alimaliza bila haraka. Alimpa ng'ombe konzi ya pumba, akachuja maziwa, akayamimina kwenye kopo kubwa la kupelekea kituo cha kukusanyia maziwa. Akatoka nalo. Mzee alikuwa bado yuko juu ya pikipiki, injini inanong'ona, amekaa wima kama mtoto anayesubiri kuambiwa kama amefaulu.

Mama aliweka kopo la maziwa kwenye keria ya nyuma, akalifunga kwa mpira, mzunguko mmoja, wa pili, akavuta kuhakikisha limekaza.

"Pita kituoni kwanza," alisema. "Na usiyatikise. Yule wa Mbeya nitampigia mimi mwenyewe, nimwambie asipoteze mafuta yake."

Kilichomtoka mzee kilikuwa cha lugha ya kwao, "Ndaga fijo," asante sana, na sikujua kama alimwambia mkewe, mimi, au ng'ombe. Akapanda ule mpando wa udongo taratibu, magoti yake yamekumbatia tangi, kopo limesimama nyuma yake.

Silensa ile si ya milele. Mawe yale yanasagika kidogo kidogo kwa mtetemo, na kila baada ya miezi kadhaa mzee hunijia, tunafungua, tunamwaga unga na kujaza upya. Mawe hatununui, tunainama tu na kuokota.

Lakini siku ile nilishuka kwenda nyumbani kwa miguu, kati ya mashamba ya chai yaliyokuwa yanatoa mvuke baada ya mvua, nikisikiliza. Najua ile barabara. Kabla ya kituo cha maziwa kuna kona kali, na kila dereva lazima aachie mafuta pale. Nilisimama nikamngojea aifikie. Sauti ya pikipiki ilikwenda mbali, ikawa nyembamba, ikafika konani, ikashuka. Nilihesabu kimoyomoyo, nikingoja pa ambayo haikuja. Halafu ikapanda tena upande wa pili, laini, na kule nyuma yangu juu kilimani ng'ombe hakulia hata mara moja.